Stesheni ya Mbao na Mgongo Wangu

Zombe,
nyumbani kwa Mwikali,
wakati wa kungoja mvua.

Baba Mwikali,

Barua hii usimpe mtu akusomee. Si mwalimu jirani, si mzee wa kanisa, wala yule mwenye duka ambaye akisoma neno moja soko zima la Kasikeu linapata maneno kumi. Vaa miwani yako, keti nyuma ya nyumba, usome mwenyewe hata kama itakula siku nzima. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho walichonifundisha kule ngumbaru, shule ya watu wazima, na mkono wangu unatembea kama kinyonga, kwa hiyo nivumilie kama ninavyokuvumilia wewe.

Habari ya hapo? Kifua kimetulia ama bado unakohoa mpaka majirani wanaamka? Ng'ombe mwekundu amezaa? Umekuwa ukila nini? Usijibu, najua: ugali na maziwa, ugali na maziwa, kama mtu ambaye hana mke. Kunde ziko kwenye kibuyu kikubwa karibu na mlango. Nimezichanganya na majivu kwa ajili ya wadudu, basi zioshe kwanza, usije ukawaambia watu mama Mwikali alikuachia mchanga.

Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Mwikali anaendelea. Ule mguu uliovimba baada ya kujifungua unapungua, lakini hospitalini walimkataza kubeba mzigo, wakamkataza na kusimama sana. Kwa hiyo maji ni mimi, kuni ni mimi, jiko ni mimi. Mtoto ni mnene na ana hasira kama zako. Maji ya huku tunayachimba kwenye mchanga wa mto mpaka mkono unazama wote. Nakwambia haya ujue sikuja huku kutembea, na ujue kwa nini siwezi kukunja kanga zangu na kurudi nyumbani leo, ingawa leo ndiyo siku ningependa sana kurudi.

Nimeaibika, baba Mwikali. Nimejiaibisha mimi na nimekuaibisha wewe, na afadhali upate habari kwangu kabla wachuuzi wa kuku hawajazifikisha huko.

Unajua mkwe wako ni fundi wa mbao. Anatengeneza vitanda na milango, na karakana yake iko hapa hapa nyuma ya nyumba, ukuta wa mabati. Unajua pia zamani alikuwa akija na vinyago pale stesheni yetu, vifaru na twiga, akiwauzia wasafiri madirishani, mimi nikiuza mayai na ndizi upande ule mwingine. Ndipo alipomwona mtoto wetu. Sasa ulipotuandikia kwamba gari la moshi halisimami tena kwetu, kwamba injini hizi mpya hazinywi maji na zinapita tu zikipiga honi kama mtu asiyetaka kusalimia, Mwikali alimsomea barua yako. Kesho yake fundi alileta mbao ndefu, akaunganisha meza kubwa kushinda kitanda cha watu wawili, akaanza kujenga stesheni yetu juu yake.

Usicheke. Mimi nilicheka kwanza, halafu nikaona. Hii si magari ya watoto ya waya na makopo. Reli alizitengeneza kwa waya wa seng'enge, akazigonga juu ya jiwe mpaka zikalala bapa. Kokoto alizichunga kwa ungo kutoka mtoni, akazipaka masizi na mafuta zikawa nyeusi vile vile kama za kwetu, kana kwamba injini zimezidondoshea mafuta miaka yote. Nyumba ya stesheni masta ina dirisha la kukatia tiketi, na ndani ya dirisha kuna kiti. Kuna mkono wa ishara wa bati, mwekundu, una mstari mweupe, unapanda na kushuka ukivuta uzi. Kuna miti ya miiba, aliitengeneza kwa vijiti vya mgunga, na mkonge, na choo chenye milango miwili, na mmoja haufungi. Baba Mwikali, mlango ule wa choo haufungi kweli. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Gari lenyewe linazunguka. Chini ya meza ameweka gurudumu la baiskeli na cheni. Mtu akizungusha pedeli kwa mkono, juu gari linatembea. Ndani ya bomba la injini anaweka kinyesi kikavu cha ng'ombe na kaa dogo la moto, basi moshi unatoka. Unanukia zizi, lakini ni moshi.

Sasa sikiliza shida ilipoanzia. Unajua mimi na heshima ya mkwe. Wako watu siku hizi ambao kwa sababu wameokoka wanakaa meza moja na mume wa binti yao wakipitishiana chumvi. Mimi nimeokoka kabla yao, lakini nthoni, hiyo haya ya wakwe, ni nthoni. Tangu mtu huyu alipoleta mbuzi wa kwanza kwetu sijamtazama usoni, naye hajanitazama. Jina lake halijapita mdomoni mwangu. Nikisikia kikohozi chake, maana anakohoa pale kwenye mkwaju kabla hajaingia, navuta kanga kichwani na kugeukia ukuta. Akiniona njiani na mtungi anaingia vichakani, hata kama ni miiba mitupu. Mara moja alitoka na shati limepasuka begani, na mimi nikamhesabia hilo kuwa ni malezi mema.

Lakini mtu anajenga stesheni yangu, na anaikosea! Ningenyamaza? Siku ya kwanza nilikuwa jikoni, yeye karakana, ukuta katikati. Nikapaza sauti: "Mwikali, hivi kuna watu wanaweka tangi la maji nyuma ya nyumba ya masta? Injini itapinda shingo kama jogoo?"

Mwikali akasema, "Mwaitu, mama yangu, si yuko hapo tu, amekusikia."

"Mimi sisemi na mtu. Nasema na sufuria."

Msumeno ukanyamaza. Halafu nikamsikia yeye akiiambia randa yake, kwa adabu kabisa, "Wewe randa, labda tulipeleke upande wa choo?"

"Sufuria," nikasema, "nani anakunywa maji ya upande wa choo? Ni kule mwisho, karibu na mti uliopigwa na radi."

"Asante, randa," akasema.

Mwikali alicheka mpaka mtoto akaacha ziwa. Alisema, "Mko na bahati randa na sufuria hawajawahi kugombana."

Ikawa hivyo. Akienda sokoni, mimi naingia karakana. Kila palipokosewa naweka punje moja ya mbaazi. Akirudi anaona mbaazi, anakaa kufikiri kosa ni nini, anatengeneza. Kama ametengeneza vizuri nikirudi siiweki tena. Niliweka mbaazi kwenye mataruma yanayolaliwa na reli, kwa sababu aliyachonga kwa mti na ya kwetu ni ya chuma. Wewe ndiye uliyeyabeba na gengi la reli mpaka bega likaota sugu, ningeacha watu wa Zombe waone ya mti? Aliyang'oa yote. Akakata debe la mafuta ya taa vipande vidogo kama kucha, akayapanga upya, na hakumlalamikia hata mke wake. Niliweka mbaazi kwenye kengele, maana aliweka kengele kama ya kanisa. Akaelewa, akaning'iniza msumari mnene badala ya kile kipande cha reli tulichokuwa tukigonga.

Nilivimba kichwa, nakubali. Nilipokwenda kuchimba maji niliwaambia wanawake: "Ile stesheni inajengwa na mkono wa fundi, lakini macho ni yangu." Niliwaambia mimi ndiye niliyekuwa mama wa stesheni ile, kwamba stesheni masta hakuwa akipeperusha bendera kabla sijamaliza kuuza. Uongo mdogo. Wao treni hawajaiona, wangeniuliza nini?

Aliyekuwa ananisumbua ni mama yake huyu fundi, susu, yaani nyanya wa mtoto wa upande wa pili, ambaye anakaa boma la karibu na analalamika nyonga kuanzia asubuhi mpaka jioni. Aliingia siku moja akitegemea fimbo, akaitazama meza.

"Hii gari inakwenda wapi?"

"Mombasa," nikasema.

"Kuna nani?"

"Kuna watu, kuna bahari."

"Na hapa mezani inakwenda wapi?"

"Inazunguka."

"Aiya! Basi mwanangu ameacha vitanda vya watu ili ng'ombe wa bati azungushwe na mavi ya ng'ombe wa kweli." Akatoka. Huyo ndiye mtu niliyeomba Mungu anipe siku ya kumnyamazisha.

Sasa sikiliza jinsi nilivyojitafutia aibu. Kazi ilipokaribia kwisha niliitazama nikaona ni nzuri, lakini ni kimya, kama mji uliohamwa. Hakuna mtu hata mmoja. Nikachota mbaazi kiganja kizima nikazimwaga pale watu wanaposimama kungoja gari. Mwikali akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia anayejua kuchonga atajua. Akajua. Lakini watu aliowachonga hakuwaweka mezani. Aliwafunga kwenye gunia, akamwambia Mwikali mimi nitawaona siku ya watu wote.

Siku hiyo ilikuwa harambee ya chumba cha wazazi pale zahanati. Chifu alikuwepo, wanawake wote wa soko walikuwepo, na mtu mmoja wa elimu kutoka Kitui mjini, mwenye koti. Stesheni waliibeba wanaume wanane wakaiweka kivulini, wakazungushia turubai chini ili watu wasione mzungushaji. Huko chini aliketi mkwe wako na pedeli zake, na ilikuwa sawa, maana mimi niliweza kusimama mbele kabisa bila kuonana naye. Nilivaa lile gauni la buluu la harusi ya Mwikali. Nilijifunga kitambaa kipya.

Gari likatoka. Moshi ukatoka. Mkono wa ishara ukashuka. Baba Mwikali, watu walipiga kelele kama mvua imenyesha. Na stesheni ilikuwa imejaa: stesheni masta na bendera, mzee anayelala juu ya gunia, mama na mtoto, mtu wa gengi na nyundo begani aliyepinda mguu wa kushoto kama wewe. Nikakuona. Nikawaambia wanawake, "Yule ni bwana yangu," nao wakaniangalia kwa heshima.

Halafu mmoja akasema, "Na yule pale pembeni?"

Pembeni kulikuwa na mwanamke. Amebeba kiondo mgongoni, mkanda uko kwenye paji la uso, kanga imevutwa juu ya kichwa. Wengine wote wanalitazama gari. Yeye peke yake amelipa gari mgongo. Ameinama hivi, na huku nyuma, nikwambieje, fundi hakupunguza kitu. Kila kitu kiko pale kilipo.

Wanawake wakatazama sanamu, wakanitazama mimi. Ndipo yule susu wa nyonga akasogea na fimbo yake, akainama, akasema kwa sauti ya kufika kwa chifu: "Mimi treni sikuijua mpaka leo. Lakini makalio haya nayajua, yanapita mlangoni kwangu kila asubuhi na mtungi!"

Walicheka. Walicheka mpaka mmoja akashika mti. Chifu alijifanya anakohoa. Yule mwenye koti alitoa kitambaa akajifuta macho. Na mimi niliyejiita mama wa stesheni nimesimama pale na gauni la buluu.

Hapo ndipo akili ilinitoka. Nilifikiria kitu kimoja tu: mwanamume huyu alinishika mkononi mwake. Alinikata kwa kisu, akanisugua kwa msasa, mkwe, mama wa mke wake. Nikaung'oa ule mti wa sanamu mezani. Nikazunguka, nikainua turubai, nikamkuta amepiga magoti na pedeli mikononi. Nikamtazama uso kwa uso. Nikamwita jina lake, lote, na la baba yake juu yake. Nikamwambia, "Mbwa wewe, hivi ndivyo unavyomtazama mama wa mkeo?"

Jina hilo nililisema mbele ya watu wote hao. Hapa siliandiki.

Alifunika uso kwa mikono yake miwili, na mikono ilikuwa na grisi, ikamwacha na alama nyeusi. Gari likasimama. Watu waliacha kucheka mara moja.

Niliondoka na ule mti ndani ya kanga. Nilipofika nyumbani nilimtupia Mwikali kitandani. "Haya, tazama alichokifanya mume wako."

Mwikali hakuwa amekwenda kwa sababu ya mguu. Aliuchukua, akautazama mgongo, akatabasamu kidogo. Halafu akaugeuza, akanionyesha upande wa mbele. Mimi sikuwa nimeugeuza. Kwa hasira zote zile, sikuugeuza.

Hakukuwa na uso. Hakukuwa na macho, pua wala mdomo. Mti mtupu, umesuguliwa laini, kanga imezunguka pande zote.

Nikasema, "Kwa nini hakumaliza?"

Mwanao akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Mwaitu, amalizie nini? Angekuchongaje uso na hajawahi kuuona? Tangu anioe amekuona mgongo. Kila akija unageuka. Hivyo ndivyo anavyokujua. Aliniuliza mimi pua yako ikoje, halafu kabla sijajibu akasema usiniambie, si vizuri."

Niliketi chini.

Kumbe sanamu nzima ilikuwa ni heshima, na mimi ndiye niliyeivunja kwa macho yangu na mdomo wangu. Miaka yote hii aliingia miibani, mimi nikainua turubai. Hata sasa nikiandika masikio yangu yanawaka.

Tangu siku ile hajaingia nyumbani. Analala karakana juu ya mbao. Chakula chake mtoto wa jirani anampelekea. Hakohoi tena pale kwenye mkwaju, na hujui jinsi kikohozi cha mtu kinavyoweza kukosekana. Mwikali hanilaumu kwa mdomo, ila jana alimnyonyesha mtoto akiwa amegeukia ukuta, na nilijua analia. Ana mume nje na mama ndani, na mmoja akiingia mwingine lazima atoke. Mimi nikitoka nani ataleta maji? Yeye akikaa nje, huyu ni mke wa nani?

Yule mwenye koti alirudi. Anataka stesheni ipelekwe maonyesho ya Kitui, na mkwe wako angepata kazi ya madawati ya shule, kazi ya kumtosha hata aajiri mtu. Amekataa. Alimwambia hawezi kuwapelekea watu kitu ambacho mwenye stesheni amekikataa. Fikiria. Mimi nimemkatia riziki na bado ananiita mwenye stesheni.

Susu wa nyonga ndiye aliyekuja kunisemesha. Nilidhani anakuja kunicheka zaidi, nikajiweka tayari. Aliketi, akaniomba uji, akanywa wote. Akasema, "Mimi nilitania, na utani wangu ulikuwa mchungu, nisamehe. Lakini wewe umemwita mwanangu kama mtu anavyoita ndama, mbele ya wakubwa. Hilo halifutwi na uji."

Nikamwambia, "Najua."

"Aliyevunja ndiye anayeleta. Mbuzi atoke kwenu, aletwe na mwanamume wa kwenu. Mle pamoja, mshikane mikono, iishe. Ama uendelee kuongea na sufuria mpaka ufe, maana randa haijibu tena."

Hakusema kwa ubaya. Na alisema haki.

Kwa hiyo, baba Mwikali, ndilo ninaloomba. Lete mbuzi. Usilete yule mwenye jicho bovu, nakujua. Chagua yule dume wa kahawia, na kama moyo unakuuma ukuume ukiwa njiani. Basi la kwenda Kitui linabeba mbuzi juu, mfunge miguu na umwekee gunia chini. Usimtume ndugu yako Mutuku na usimtume mzee yeyote. Wewe ndiye baba wa Mwikali. Ukifika sema mke wako alikosa. Usiseme "tulikosana," usiseme "mambo ya wanawake." Sema alikosa. Mimi nitakuwa nimeketi hapo nikisikia, na nitavumilia.

Nimejaribu peke yangu, nisikufiche. Leo asubuhi nilitoka mtoni na mtungi, nikapita nyuma ya karakana badala ya njia yangu. Nilikuwa na ule mti ndani ya kanga. Nilisikia anasugua mbao kwa msasa. Nikasimama nimeupa ukuta mgongo, nikataka kuongea na mtungi, kama zamani. Nilifungua mdomo. Kichwani yalikuwepo maneno mengi, nikatoa moja tu: "Nilikosa."

Sikumwambia mtungi. Nilimwambia yeye.

Msasa ukaacha. Nilingoja. Maji yalikuwa yananimwagikia mgongoni. Nikafikiri, haya, hatajibu, na ni haki yake.

Halafu akasema kule ndani, polepole, na sijui alikuwa anaiambia randa ama nani: "Maji ya kunywa yamekwisha humu tangu jana."

Niliuweka mtungi mlangoni kwake wote, na ule mti kando yake. Nikaondoka bila kutazama nyuma, nikachukua mtungi mwingine, nikarudi mtoni kuchimba. Mwikali aliponiuliza kwa nini maji ya nyumbani yamechelewa nilimwambia mto umekauka. Kisha nikaketi kuandika barua hii.

Nisalimie dada yangu mkubwa, umwambie nina afya na usimwambie lingine. Nisalimie mke wa mwanetu Musyoka, umwambie kuku akiatamia nje amrudishe ndani, si kumtazama tu. Salimia wajukuu, na yule mdogo anayelala kwenye mkeka wangu mwambie ninarudi, asiukojolee. Wasalimie wenzangu wa kanisani, na wakikuuliza juu ya stesheni ya Zombe waambie ni nzuri sana, inafanana kabisa. Susu wa huku anakusalimu pia. Anasema atataka kuona kama kweli mguu wa kushoto umepinda hivyo.

Njoo upesi, baba Mwikali. Mvua ikianza mto wa huku haupitiki, na mtu huyu bado analala juu ya mbao.

Ni mimi mke wako,
mama Mwikali.